Siku ya Kwanza ya Jicho Linalouma



Nilipoombwa nizungumze juu ya macho, wengi walitaraji nizungumzie mtoto wa jicho, maana ndio unaowapofua watu wengi zaidi katika nchi zetu na tiba yake inajulikana. Mimi nimechagua jambo ambalo kwetu hupewa uzito mdogo: jicho linalouma, na mwenyewe hajui limepatwa na nini. Jicho la namna hiyo mara nyingi huokoka au hupotea katika siku moja, mbili, tatu za mwanzo, na siku hizo daktari wa macho hajaliona bado. Waliopo ni mume au mke, mama mkwe, msimamizi wa kazi, muuza duka la dawa na mwalimu wa chuoni. Hao ndio waamuzi, wapende wasipende, na mhadhara huu ni wao kabla ya kuwa wa madaktari.

Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira, haina neva za maumivu, wala lenzi, ambayo mtoto wa jicho huitia ukungu, haina. Ndiyo maana mtoto wa jicho hukua miaka na miaka bila kuuma, na presha ya jicho ile ya kawaida humpunguzia mtu uoni wa pembeni polepole mpaka siku moja anajigonga kwenye fremu ya mlango ndipo anashtuka. Konea, kioo cha mbele cha jicho, ni kinyume kabisa. Unene wake ni kama nusu milimita tu, lakini imejaa ncha za neva kuliko sehemu nyingine yoyote ya nje ya mwili. Kwa hiyo jicho likiuma hasa, tatizo huwa kwenye konea, au kwenye duara la rangi lililo nyuma yake, au kwenye ukuta mweupe wa jicho, au presha ya ndani imepanda ghafla. Hakuna hata moja kati ya hayo la kusubiri wiki ijayo.

Hapa lazima nitaje Januari 2024, wakati macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na mwambao mpaka Mombasa. Wizara ya Afya ilitoa tahadhari, watu wakaambiwa wanawe mikono na wasitie vitu vya kubahatisha machoni. Wengi walipona wenyewe, alhamdulillahi. Lakini mlipuko ule umetuachia somo lisilo sahihi: kwamba jicho jekundu ni la kuvumilia tu. Macho yale huwasha, hutoa machozi na tongotongo, na mara nyingi hukamata macho yote mawili, moja likitangulia. Jicho moja linalouma kwa ndani, lisilotaka mwanga, lililoanza kuona ukungu, hilo ni jambo jingine, hata kama jirani yako alipona kwa kunawa maji baridi.

Chukueni mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani hapa Unguja, ambako kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989. Wengi wao ni wanawake. Maji yakipwa wanashuka na kamba na vijiti, wanainama saa kadhaa, jua juu ya kichwa na mng'ao wake kutoka chini. Mkono wenye mchanga unapangusa jasho. Jioni jicho linakereketa, anasema ni chumvi. Usiku halilali. Asubuhi anashuka tena, kwa sababu bamvua halimsubiri mtu. Siku ya nne ndipo anapoletwa, kitambaa cha kanga kimefungwa juu ya jicho, na anapokiondoa anageuzia uso ukutani kukimbia mwanga wa dirisha.

Uchunguzi wake hauna ufundi wa ajabu. Kijikaratasi chenye rangi ya machungwa huloweshwa na kugusishwa ndani ya kope la chini, kisha jicho hutazamwa kwa mwanga wa buluu. Konea isiyo na jeraha haishiki rangi. Palipochubuka hung'aa kijani. Siku ya kwanza ni mstari mwembamba kama mkwaruzo wa ukucha, na kwa dawa sahihi huweza kufunga kwa siku chache. Siku ya nne ni shimo lenye kingo nyeupe, na chini, mbele ya duara la rangi, usaha umetuama kwa mstari ulionyooka. Katika hali hiyo tunapigania lisitoboke. Hata likipona litaacha kovu, na kovu likiwa katikati ya konea ni sawa na pazia.

Katika nchi za joto na unyevu kama zetu, kidonda hicho mara nyingi kina kuvu badala ya bakteria, hasa kikianza kwa kuchomwa na jani, mwiba au chembe ya makumbi. Dawa ya kuvu ni tofauti kabisa. Mojawapo, natamaisini, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017. Kinachopatikana haraka mtaani, hata hivyo, ni chupa ndogo yenye antibiotiki iliyochanganywa na deksamethasoni. Nawasihi ndugu zangu wa maduka ya dawa, na nasema kwa mapenzi: msiitoe dawa hiyo bila cheti. Deksamethasoni hutuliza wekundu na maumivu, mgonjwa anarudi kukushukuru, na huku nyuma kuvu inapata nafasi ya kuchimba. Vivyo hivyo kwa kidonda cha virusi vya hepesi. Na matone ya ganzi tunayotumia kliniki hayapewi mtu kwenda nayo nyumbani kamwe, kwa sababu yanazuia konea isipone.

Kuhusu dawa za nyumbani, sitaki kuwadharau mama zetu. Aliyetia maziwa yake katika jicho la mtoto alitia kwa huruma, na aliyekamua majani alirithi ujuzi huo kwa bibi yake. Lakini yaliyokamuliwa majanini hayajachemshwa, mate na mkojo vina vijidudu, na kila kimoja hula muda. Mwaka 1994 David Yorston na Allen Foster walichapisha utafiti wao juu ya vidonda vya konea hapa Tanzania: takriban robo ya wagonjwa walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Anayeona ni husuda, asomewe, na kombe anywe. Kisomo hakizuii safari ya hospitali, na vyote viwili vinaweza kufanyika siku moja. Kitu kimoja tu naomba: kisitiwe chochote ndani ya jicho lenyewe.

Sasa twende Mji Mkongwe. Nyumba zake za mawe ya matumbawe zinashikwa na chokaa, na tangu sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoanguka Disemba 2020 tunakumbushwa kila siku kwamba majumba haya yanataka mafundi wa chokaa wasiokoma. Mafundi hao wamo hatarini kuliko wanavyojua. Tindikali ikiingia jichoni mara nyingi hugandisha uso wa konea na kujizuia yenyewe isizame zaidi. Chokaa haigandishi, inayeyusha, na inaendelea kuzama ndani wakati mgonjwa anatafutiwa gari. Kuna woga kwamba chokaa ikipata maji huchemka, basi jicho lisioshwe. Woga huo umepofusha watu. Jicho limelowa machozi tayari, kwa hiyo moto umeshaanza. Maji mengi ndiyo yanayouondoa.

Mlaze ubavu, jicho lililoumia likiwa upande wa chini ili maji yasiingie la pili. Mtu mmoja afumbue kope kwa vidole, kwa nguvu ikibidi, maana mwenyewe hataweza. Mwingine amimine maji safi yaliyo karibu, ya bomba au ya ndoo, bila kukatiza, kwa nusu saa nzima. Kope la juu ligeuzwe, punje zilizojificha zitolewe kwa ncha ya kitambaa safi. Baada ya hapo ndiyo safari ya hospitali ya Mnazi Mmoja. Msimamizi anayemkimbiza fundi hospitali na jicho kavu, akidhani ameokoa muda, amepoteza dakika zilizokuwa na thamani kuliko zote. Mchomeleaji wa vyuma asiyevaa kioo cha kujikinga naye huumwa, lakini maumivu yake hukawia saa kadhaa na kumwamsha usiku kama aliyetiwa mchanga. Yeye kwa kawaida hupona, ila achunguzwe, kwani chembe ya chuma kutoka kwenye mashine ya kukatia inaweza kupenya ndani ya jicho na kuacha tundu dogo lisiloonekana kwa macho matupu.

Lipo jicho ambalo hata haliji kliniki ya macho. Bibi wa miaka hamsini na kitu anashikwa jioni, upande mmoja wa kichwa unamwanga, anatapika. Nyumbani wanasema kipandauso. Zahanati wanampima malaria, wanampa dawa ya kutuliza kichefuchefu. Hakuna aliyemuuliza juu ya jicho, ingawa ni jekundu, na taa kwake zina duara la rangi kama upinde wa mvua. Hiyo ni presha ya jicho ya ghafla. Njia ya majimaji ya ndani imeziba. Presha iliyotakiwa kuwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki imefika 50 au zaidi, na neva ya kuonea inakufa kwa saa, sio kwa miezi. Huwapata zaidi wanawake, na watu waliopita miaka arobaini, hasa wenye asili ya Asia, ambao visiwani kwetu si wachache. Wanafunzi wa udaktari mlio hapa, nawaachia kazi moja: kila anayeumwa kichwa upande mmoja na kutapika, mzibeni jicho moja moja, muulize anaona vidole vingapi, kisha mmulike mboni zake kwa tochi. Mboni iliyotanuka nusu na isiyojibu mwanga imeshawaambia ugonjwa. Na vipele vya mkanda wa jeshi vikifika kwenye ncha ya pua, msisubiri jicho liume.

Mwezi wa Ramadhani kliniki zetu huona jambo la kusikitisha: mgonjwa mwenye kidonda anaacha matone mchana kwa kuogopa kufungua. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa Unguja, kinachotiwa jichoni hakifunguzi, hata ladha yake ikifika kooni. Dawa ya kidonda cha konea siku za mwanzo hutiwa kila saa, usiku na mchana, na pengo la saa kumi na mbili huirudisha tiba nyuma. Nawaomba maimamu walitaje hili katika darsa za Shaaban, kabla mwezi haujaandama, maana mgonjwa atamsikiliza imamu wake kabla ya kunisikiliza mimi.

Umbali nao ni jambo la kweli. Nungwi mpaka mjini ni karibu kilomita 60, na jicho likianza usiku hakuna daladala. Anayeishi kaskazini aanzie hospitali ya Kivunge, wa kusini aanzie ya Makunduchi, apewe rufaa usiku huohuo badala ya kulala akingoja Jumatatu. Safarini jicho lisibanwe wala lisifikichwe, na likiwa limechomwa na kitu kilichobaki ndani, kisivutwe. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa mboni, hata kikombe cha plastiki kitafaa.

Ukifika dirishani, usiseme tu una tatizo la macho, utapangwa foleni na wanaotaka miwani. Sema jicho gani linauma, limeanza saa ngapi, na kwamba ukilifunga zima hilo jingine halioni kama jana. Sema ulichotia ndani, na uje na chupa yake au tawi lenyewe. Usione haya, maana jibu hilo ndilo linalotuonyesha pa kuanzia. Na wewe muuguzi ukisikia maneno mawili, linauma na halioni, mtoe mtu huyo kwenye benchi umpeleke ndani.