Maumivu ya Mgongo: Elimu Nayo ni Dawa

(Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo waliohitimu. Tumeyaandika kama alivyoyasema.)

 

Leo tuzungumze juu ya mgongo. Nani hapa hajawahi kuumwa mgongo? Naona hakuna aliyenyosha mkono. Tunalima kwa jembe la mkono. Tunabeba kuni, maji na watoto. Basi habari hii ni yetu sote.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita mama yangu alikamatwa na mgongo wakati wa palizi. Maumivu yaliteremka mpaka kwenye paja. Hospitali wakampiga picha, wakasema diski ya mgongo imechakaa. Neno hilo "imechakaa" lilitutisha sana. Mimi, mtoto wake niliyesoma chuo cha ualimu, nikamwambia: "Mama, usishike jembe wala ndoo. Lala mpaka upone."

Mama akanisikiliza. Alilala karibu miezi miwili. Miguu ikakonda. Akaogopa hata kuinama kuchochea moto. Palizi ikapita, mahindi yakamezwa na majani. Na maumivu yalikuwa pale pale. Nilimpenda mama, lakini nilimshauri vibaya. Baadaye ndipo nilipotafuta habari, na hizo ndizo ninazowaletea leo.

DISKI NI NINI?

Uti wa mgongo ni mfano wa muwa. Una pingili nyingi. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama kimto kidogo. Hicho ndicho madaktari wanachokiita diski. Nje yake ni ngumu kama ukano, ndani mna ute mzito. Kazi yake ni kupokea uzito ili mifupa isigongane.

Mtu akiongeza umri, diski hupungukiwa maji. Hunywea, ikawa nyembamba. Wakati mwingine ukuta wake hupasuka, ute ukatokeza na kugusa mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Hapo mtu husikia maumivu kama moto, kutoka kiunoni mpaka kwenye unyayo.

Lakini sikilizeni jambo hili. Mwaka 2015 watafiti walikusanya habari za picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa wakiumwa mgongo. Waliona nini? Katika vijana wa miaka 20, watu 37 katika kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa. Katika wazee wa miaka 80, walikuwa 96 katika kila 100. Na hawaumwi! Kwa hiyo diski kuchakaa ni karibu sawa na kuota mvi. Sisemi kwamba maumivu ni ya uongo. Maumivu ni ya kweli. Nasema kwamba neno "imechakaa" peke yake lisitulaze kitandani.

DAWA HUPIMWA KWA KULINGANISHA

Sasa, madaktari wanajuaje kwamba dawa fulani inafaa? Wanafanya kama mkulima mwangalifu. Ukitia mbolea shamba la bondeni, na shamba la mlimani ukaliacha hivi hivi, hutajua kama mahindi yamestawi kwa mbolea au kwa unyevu wa bonde. Inakubidi uchukue shamba moja, uligawe, upande huu utie mbolea, upande ule usitie.

Kwa wagonjwa hufanyika vivyo hivyo. Kwanza wanaelezwa, na wenyewe wanakubali. Kisha inapigwa kura. Kura ndiyo inayoamua nani apate matibabu haya na nani apate yale. Kwa nini kura? Kwa sababu watu wakichagua wenyewe, huenda wenye nguvu wakaelekea upande mmoja na wadhaifu upande wa pili. Hapo tutakuwa tumelinganisha bonde na mlima.

KULALA KULIPOPIMWA

Mwaka 1995, huko Helsinki katika nchi ya Finland, walipimwa wafanyakazi 186 wa manispaa waliokamatwa na mgongo ghafla. Kundi la kwanza lililala kitandani siku mbili. La pili lilipewa mazoezi ya mgongo. La tatu liliambiwa liendelee na shughuli za kila siku kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi zaidi ni hao wa tatu. Waliochelewa kuliko wote ni wale waliolala.

Mwaka 1999 Waholanzi nao walitoa matokeo yao. Walipima wagonjwa 183 wenye maumivu yanayoteremka mguuni. Nusu walilala wiki mbili, nusu hawakulala. Baada ya wiki 12, pande zote mbili wenye nafuu walikuwa 87 katika kila 100. Yaani kitanda hakikuongeza kitu. Niliposoma hayo nilimkumbuka mama, nikainamisha kichwa.

KUPASULIWA AU KUJIFUNZA?

Sasa tuje kwenye kisu. Kuna upasuaji wa kuunganisha pingili mbili ziwe kitu kimoja, ili mahali penye diski mbovu pasicheze tena. Mwaka 2001 Sweden walitangaza matokeo ya wagonjwa 294 wenye maumivu ya siku nyingi. Waliopasuliwa walipata nafuu kuliko wasiopasuliwa. Ungedhani maneno yamekwisha.

Lakini ulizeni: hao wasiopasuliwa walitibiwa vipi? Walipewa matibabu ya kawaida tu ya mazoezi ya viungo. Hapo wengine wakasema: je, tukilinganisha kisu na mazoezi yaliyopangwa vizuri, itakuwaje? Maana ukitaka kuisifu mbolea, usiilinganishe na upande usiopaliliwa.

Ndipo Norway wakafanya jaribio lao, wakatangaza matokeo mwaka 2003. Walikuwa wagonjwa 64 wenye diski zilizochakaa na maumivu ya muda mrefu. Kura ikapigwa. Kundi moja likaunganishwa pingili. Kundi la pili likapewa somo. Ndiyo, ndugu zangu, somo! Waliketi wakaelezwa mgongo ulivyo. Wakaambiwa kwamba shughuli za kawaida haziidhuru diski, na kwamba wautumie mgongo, wauinamishe bila hofu. Kisha wakafanya mazoezi kila siku kwa wiki tatu.

Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa na nafuu. Tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kusema kundi hili limelishinda lile. Mwaka 2005 Waingereza nao walitangaza jaribio lao la wagonjwa 349. Waliopasuliwa waliwazidi kidogo sana wale wa mazoezi. Nao watafiti hawakuona uthibitisho wa kutosha kwamba upasuaji huo ni bora kuliko mazoezi makali.

Mimi ni mtu wa elimu. Mnaweza kuelewa furaha yangu. Watu walijifunza, hofu ikapungua, mwili ukaanza kufanya kazi.

Hata hivyo tusikidharau kisu. Maumivu makali ya mguu yanayotokana na diski iliyopasuka ni habari nyingine. Uholanzi, mwaka 2007, walitangaza jaribio la wagonjwa 283 wa namna hiyo. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu kwa wiki kama 4. Walioambiwa wasubiri walichukua wiki kama 12, na katika kila 100 wa hao, 39 walipasuliwa baadaye. Lakini mwaka ulipokwisha, pande zote mbili waliopona walikuwa 95 katika kila 100. Basi upasuaji huo huharakisha nafuu. Anayeweza kustahimili anaweza kungoja, na asiyeweza asilaumiwe.

TUFANYE NINI?

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Limetaja elimu na mazoezi miongoni mwa mambo yanayofaa. Halikushauri mikanda ya kiunoni, wala kuvutwa mgongo, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Kwa hiyo, ndugu, kabla hujauza mbuzi kununua mkanda, fikiri mara mbili.

Haya ndiyo ya kushika:

1. Ukikamatwa na mgongo, pumzika kidogo ukihitaji, lakini usifanye kitanda kuwa makao.

2. Tembea kila siku. Anza na hatua chache, kisha ongeza.

3. Rudi kazini polepole. Lima kidogo, badilisha kazi. Mzigo mmoja mkubwa ugawe uwe miwili.

4. Maumivu yakizidi, nenda zahanati upate ushauri na dawa. Usinywe dawa ovyo.

Lakini zipo dalili ambazo hazingoji. Ukishindwa kukojoa, au haja ikatoka bila wewe kujua. Ukipata ganzi katikati ya mapaja. Au miguu ikiishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vile vile wahi ikiwa mgongo umeuma baada ya kuanguka, au unauma pamoja na homa na kukonda. Kifua kikuu nacho huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na kina dawa yake.

Mama yangu je? Nilikaa naye barazani nikamsomea haya yote. Akauliza: "Kwa hiyo nikiinama sitavunjika?" Nikamjibu, hutavunjika, mama. Kesho yake alitembea mpaka kwa jirani. Wiki iliyofuata akafika kisimani. Siku hizi analima asubuhi mpaka jua likianza kuchoma, kisha anapumzika. Zipo siku mgongo unamuuma bado. Lakini hauogopi tena.

Nanyi mmejua kusoma. Huko nyumbani yupo mtu aliyelala kwa sababu ya mgongo. Nendeni mkamsomee.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini watafiti hupiga kura kuwagawa wagonjwa?

2. Wagonjwa wa Norway ambao hawakupasuliwa walifundishwa nini?

3. Taja dalili tatu zinazomtaka mgonjwa awahi hospitali.

4. Katika kijiji chetu, tunawezaje kupunguza mizigo mizito, hasa kwa akina mama?