Kulinda Miche Kwenye Kivungulio

Mche wa nyanya huwa hatarini zaidi katika wiki zake za kwanza, na joto la kivungulio linaloharakisha ukuaji wake huwafaa wadudu vilevile. Huko Kabete, Kangemi na Dagoretti nchini Kenya, ambako vivungulio hupakana na mashamba ya sukuma wiki, wadudu hao hawatoki mbali.

Kiwavi aitwaye sota hujificha udongoni mchana na kukata shina usiku. Mche hukutwa asubuhi umelala chini. Hapo udongo ulio kando ya mche hufukuliwa na kiwavi huyo kuuawa kwa mkono.

Inzi weupe ni hatari kubwa zaidi. Kufyonza kwao maji ya mmea ni jambo dogo kuliko virusi vya kukunja majani wanavyoeneza, maana mche ulioambukizwa hauponi. Kwa hiyo kinga hutangulia: wavu usio na tundu, mlango wa pili nyuma ya ule wa kwanza, na mitego ya manjano yenye gundi inayowanasa wangali wachache.

Tuta absoluta, nondo mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeripotiwa Kenya mwaka 2014, hutaga mayai majanini. Viwavi wake huchimba ndani ya jani, ambako dawa nyingi hazifiki. Majani hayo huchumwa na kufungwa mfukoni. Kuyatupa mlangoni ni kumrudisha adui ndani.

Dawa ikihitajika, inunuliwe ile tu iliyosajiliwa na bodi ya serikali ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB, yenye makao yake Loresho.