Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Faida ya Kukodi Watafiti wa Muda

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi



Yapasa kwanza tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Walakini sikusimama hapa kusifu yaliyopita tu. Mbele yenu liko azimio moja: kwamba chama kimkodi mtafiti wa kujitegemea kwa msimu mmoja, achunguze kwa nini kahawa yetu, iliyo ya mbegu moja na mlima mmoja, hupata daraja la juu katika chama hiki cha msingi na daraja la chini katika kile cha jirani.

Najua manung'uniko yaliyopo. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, tuna bwana shamba, tuna meneja, na taasisi ya utafiti iko, fedha zetu za nini kumpa mpita njia?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Taasisi yetu ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001 na kurithi kituo cha Lyamungo, imetufaa sana kwa miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Lakini taasisi hutazama kahawa ya nchi nzima. Haiwezi kukaa miezi mitano kwenye mitambo yetu ya kumenya, ikihesabu saa zinazopita tangu tunda kuchumwa hadi kumenywa, na kupima unyevu wa kila gunia kabla halijaingia ghalani. Kazi hiyo ni yetu.

Je, tuajiri mtu wa kudumu? Mwajiriwa hulipwa msimu wa kazi na msimu wa kukaa. Tena mwaka huu twahitaji mjuzi wa kukausha kahawa. Mwaka ujao pengine wa udongo, au wa hesabu za usafirishaji. Hakuna mtu mmoja ajuaye yote. Mtafiti wa muda huja na ujuzi unaotakiwa, na kazi ikiisha mshahara nao hukoma.

Iko faida nyingine, nayo ndiyo kubwa. Mgeni hana shemeji kwenye mizani. Sisi wenyewe tukichunguzana, mmoja atamwonea jirani haya na mwingine atalipiza kisasi. Mtafiti asiye na upande aweza kusema kosa liko shambani kwa mkulima, au ghalani kwa karani, au ofisini kwangu mimi.

Wala jambo hili si geni katika ushirika. Bwana C. F. Strickland, aliyepata kuwa msajili wa vyama vya ushirika huko Punjab, aliitwa kutazama hali ya wakulima Unguja na Pemba, akatoa taarifa yake mwaka 1932. Aliitwa Nigeria pia, akatoa taarifa mwaka 1934, na mwaka uliofuata sheria ya ushirika ikatungwa huko. Alikuja, akauliza, akaandika, akaondoka; kazi iliyobaki ikawa ya wenyeji.

Lakini nisiwafiche. Katika mwaka wetu wa tatu tulimkodi mtaalamu mmoja, tukamlipa fedha zote siku ya kwanza. Alileta kitabu kinene cha Kiingereza. Kitabu hicho kimo kabatini hata leo, na daftari za vipimo aliondoka nazo. Kosa hilo lilikuwa letu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ndiye niliyetia sahihi.

Kwa hiyo naomba azimio lipite kwa masharti haya. Swali la utafiti liandikwe nasi, liwe moja na wazi. Mtafiti asiwe muuzaji wa mbolea, dawa wala mitambo. Malipo yawe kwa mafungu matatu: akianza, akileta vipimo, na akimaliza kujibu maswali yenu. Vipimo vyote viwe mali ya chama. Taarifa iandikwe kwa Kiswahili na kusomwa katika Mkutano Mkuu. Tena vijana wawili, watoto wa wanachama, wafuatane naye kila siku, ili akiondoka ujuzi ubaki.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji alale. Mgeni ataonyesha palipo na kidonda. Kukitibu ni kazi yetu. Ikiwa taarifa itasema kwamba mimi ndimi niliyekosa, basi isomwe vilevile kwa sauti, nami nitakuwapo kuisikiliza.

Udumu ushirika wetu.