KAMERA ZA NAMBA ZA GARI: MTEGO WA PANYA



Nianze kwa kusema wazi kwamba hatuko hapa kutetea wezi wa magari. Mwizi akamatwe, afikishwe mahakamani, ahukumiwe. Lakini leo nataka tuzungumzie chombo ambacho polisi wa nchi nyingi wanakisifia kuwa ndiyo dawa ya wezi, nacho ni kamera inayosoma namba za magari. Sifa zake mtaelezwa na wanaoziuza. Mimi nitawaeleza upande wa pili.

Kamera hii hufungwa kwenye nguzo, darajani au juu ya gari la polisi. Kila gari linalopita hupigwa picha, kompyuta ikaisoma namba yake na kuilinganisha na orodha ya magari yanayotafutwa. Likiwamo, askari hupewa taarifa mara moja. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni juu ya magari ambayo HAYAMO kwenye orodha. Nayo pia huandikwa: namba, mahali, tarehe na saa. Uingereza, ambako teknolojia hii ilibuniwa mwaka 1976, kamera za polisi husoma namba zaidi ya milioni 50 kwa siku, na kumbukumbu hizo huweza kuwekwa kwa mwaka mzima.

Hebu jiulize, ndugu msomaji, gari lako hulala wapi? Limeegeshwa mara ngapi karibu na hospitali, msikiti, kanisa, ofisi ya wakili au uwanja wa mkutano wa hadhara? Mwenye kumbukumbu za mwaka mzima hahitaji kukuuliza wewe ni nani. Anajua tayari.

Mtasema, asiye na hatia ana hofu gani? Wahenga walishajibu: mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.

Chukueni mfano wa Mzee John Catt wa mji wa Brighton, Uingereza. Mzee huyu alikuwa akihudhuria maandamano ya amani ya kupinga kiwanda cha silaha, na kazi yake kubwa pale ilikuwa kuchora picha. Hana kosa lolote alilowahi kutiwa hatiani. Lakini polisi waliliona gari lake karibu na maandamano, wakaiingiza namba yake kwenye mfumo wa kamera. Julai 2005, akiwa na umri wa miaka 80, alisimamishwa London pamoja na binti yake chini ya sheria ya kupambana na UGAIDI. Baadaye ikagundulika kwamba polisi walikuwa na kumbukumbu nyingi juu yake katika jalada la watu wanaoitwa wenye siasa kali. Alikwenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi yake iliwapa polisi ushindi. Hakukata tamaa. Januari 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba kuweka kumbukumbu hizo kulivunja haki yake ya maisha binafsi. Alikuwa na miaka 94. Je, wangapi kati yetu wana pumzi ya kupigania haki kwa miaka yote hiyo?

Mfano wa pili ni Birmingham. Mwaka 2010 wakazi wa Sparkbrook na Washwood Heath, mitaa yenye Waislamu wengi, waliona nguzo zikichipuka kila kona. Wakaambiwa ni za kupambana na uhalifu wa kawaida. Ukweli ulipofichuka, ilionekana kwamba kamera zilikuwa 218, nyingi zikiwa za kusoma namba za magari, na 72 kati yake zimefichwa wasizione. Fedha, pauni milioni 3, zilitoka kwenye mfuko wa kupambana na ugaidi. Yaani mtaa mzima uligeuzwa mtuhumiwa! Wananchi walikuja juu. Kamera zikafunikwa mifuko, mkuu wa polisi akaomba radhi, na mwaka 2011 ziking'olewa. Hazikung'olewa kwa hisani ya mtu. Ziling'olewa kwa sababu watu waliuliza maswali.

Isitoshe, mashine nayo hukosea, na askari huiamini kuliko macho yake. Agosti 2020, huko Aurora, Colorado, nchini Marekani, polisi walimsimamisha mama mweusi akiwa na watoto wa kike, mdogo wao mwenye miaka 6. Waliwalaza kifudifudi kwenye lami, mitutu imewaelekea. Kumbe chombo kilichoibwa kilikuwa PIKIPIKI ya jimbo jingine, Montana, yenye namba inayofanana! Mwaka 2024 mji huo ulikubali kulipa dola milioni 1.9. Fedha hizo ni za walipa kodi.

Wapo wanaosema bila kumbukumbu hizo polisi hawawezi kazi. Si kweli. Jimbo la New Hampshire, Marekani, sheria yake inataka namba isiyotafutwa ifutwe ndani ya dakika 3. Ujerumani, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2008 kwamba isiyotafutwa ifutwe papo hapo. Kule mwizi bado anakamatwa, na raia anapita na safari zake.

Sasa turudi nyumbani. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu. Kwa hiyo, kamera ya namna hii ikifungwa barabarani kwako, muulize diwani, muulize mbunge, awe wa chama chochote. Nani anaandika orodha ya wanaotafutwa? Namba ya asiyetafutwa inafutwa baada ya muda gani? Nani anaruhusiwa kuzifungua kumbukumbu, na kwa kibali cha nani? Askari akizitumia kumfuatilia mkewe, mdeni wake au mpinzani wa bosi wake, anashtakiwa wapi?

Wakishindwa kujibu maswali hayo manne, jueni kwamba kamera ile haikuwekwa kwa ajili ya mwizi peke yake.