Tumtazame Vizuri Kabla ya Kumpa Jina

(Maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kayole, Dandora na Umoja, vilipokutana kabla ya mvua ndefu.)



Leo hatukuja na habari za mikopo wala michango. Tumekuja na kichupa. Ndani yake mna mdudu mmoja. Kipitisheni, kila mtu atazame, lakini msikifungue.

Ndiyo, ni yeye, nairobi flai. Mvua za El Niño za mwaka 1997 hadi 1998 ziliwajaza wadudu hawa mjini. Katika ploti yetu kulikuwa na msichana wa kazi. Aliamka na mstari mwekundu shingoni, kesho yake ukatoka malengelenge. Watu wakasema, "Huyo ana mkanda wa jeshi." Siku zile ukitaja mkanda, watu waliwaza ukimwi. Msichana akafukuzwa kazi. Baadaye ngozi ilipona, lakini hakuna aliyemfuata kumwambia pole. Nasi tulikuwepo, tukanyamaza.

Basi tujifunze kwa wataalamu wa wadudu. Mtaalamu akipata mdudu asiyejulikana, hakimbilii kumpa jina. Kwanza humtazama, humpima, humlinganisha na wanaojulikana, na kuandika rangi na umbo la kila kiungo. Ndipo humpa jina la kisayansi la maneno mawili. Mdudu yule hutunzwa katika makumbusho, ili mwenye shaka aende akalinganishe. Aina moja ya nairobi flai, Paederus sabaeus, ilielezwa hivyo na Mjerumani Wilhelm Ferdinand Erichson mwaka 1840. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899! Mdudu aliandikwa kitabuni kabla ya mji wenyewe kuwepo. Na jamaa zake ni wengi: aina zaidi ya 60,000 zimeshaelezwa duniani, na mpya bado zinapatikana kila mwaka.

Haya, sisi nasi tumweleze. Urefu wake haufiki sentimita moja. Kichwa ni cheusi, kifua ni chekundu. Katikati ana vifuniko vifupi vya rangi ya buluu inayong'aa. Tumbo ni jekundu, na ncha yake ni nyeusi. Akishtuka huinua mkia kama nge.

Je, ni nzi? Hapana. Nzi ana mabawa mawili. Huyu ana manne: mawili magumu ndiyo vifuniko, na mawili ya kurukia yamekunjwa chini yake. Ni mbawakawa.

Je, anauma? Hapana, wala hana mwiba. Sumu imo ndani ya mwili wake, inaitwa pederini, na hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Ukimponda kwenye ngozi, sumu inatoka. Huhisi kitu papo hapo. Kesho yake au keshokutwa ndipo ngozi inawaka. Kwa hivyo tunajichoma wenyewe kwa kofi letu!

Kwa sababu hiyo, tufanye hivi:

Akitua mwilini, usimpige. Mpulize, au mwache apande kwenye karatasi umtoe.

Akipondeka, osha mahali pale mara moja kwa maji mengi na sabuni. Usijishike macho kabla ya kunawa mikono. Nguo iliyoguswa nayo ifuliwe.

Sumu ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, kisha nenda kliniki. Usitie dawa ya kubahatisha.

Usiku mwangaza humvuta. Zima taa usiyoitumia, funga dirisha, lala ndani ya neti, na ukung'ute shuka kwanza.

Na kina mama mnaolima sukuma wiki kando ya mto, msikimbilie kumwaga dawa shambani. Mdudu huyu anapenda mahali penye unyevu na majani yanayooza, na hula vidukari na wadudu wengine wanaoharibu mboga. Shambani ni kibarua asiyedai mshahara.

Ndugu zetu, mvua zikija mtaona tena mistari na malengelenge kwenye shingo za watu. Kidonda cha mdudu huyu hupona kwa wiki mbili au tatu hivi. Neno baya tulilomsemea msichana yule halikupona. Ukiona alama kwa jirani, muulize amelala wapi, taa iliwaka, alipiga mdudu? Ukiwa na shaka, msindikize kliniki. Tusimpe jina kabla ya kumtazama vizuri.

Sasa turudishieni kichupa chetu.