Hakuna Moshi, Lakini Madhara Yapo



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya tumbako isiyowashwa moto, yaani ile inayotafunwa, inayonuswa, au inayowekwa kati ya mdomo na ufizi. Kwetu twaiita ugoro. Vijana wengi hudhani ya kuwa ubaya wa tumbako umo katika moshi wake. Basi pasipo moshi, hapana ubaya. Dhana hiyo haikuzuka bure. Kwa miaka mingi waliofundisha habari za afya walisema sana juu ya sigara na mapafu, wakasema machache juu ya ugoro. Kijana aliyasikia waliyoyasema, na yale waliyoyanyamazia akajijibu mwenyewe.

Tazameni mambo yaliyotokea Marekani. Katika jimbo la Oklahoma palikuwa na kijana jina lake Sean Marsee, hodari wa mbio. Alianza kutumia ugoro alipokuwa na umri wa miaka 12. Mama yake, aliyekuwa muuguzi, alipomkanya, alijibu kwamba wachezaji mashuhuri wanautangaza katika televisheni. Alipatwa na saratani ya ulimi, akafa mwaka 1984, naye ana miaka 19 tu. Mwaka 1986 ilitungwa sheria ya kukataza matangazo ya tumbako hiyo katika redio na televisheni, na maonyo yakaamriwa yaandikwe juu ya makopo yake.

Hata hivyo, onyo la kopo halikuing'oa desturi ya mashambani, ambako kijana humwona baba au mjomba akitia ugoro mdomoni. Kwa hiyo mwezi wa Aprili 2016, idara ya serikali ya huko isimamiayo vyakula na madawa ilianza kampeni katika sehemu 35, kwa ajili ya wavulana wa mashamba wenye umri wa miaka 12 hadi 17. Haikuwahubiria habari za uzee. Iliwaonyesha mambo ambayo kijana aweza kuyaona katika kioo: ufizi ulioharibika, meno yaliyong'oka, na saratani ya kinywa. Tena iliwafuata katika viwanja vya besiboli, mchezo ambao wachezaji wake wengi walizoea kutafuna tumbako. Wachunguzi walipolinganisha sehemu zilizopata matangazo hayo na zisizoyapata, waliona kwamba baadhi ya imani za vijana zilibadilika, hasa juu ya madhara yaliyotajwa waziwazi.

Hapo pana somo kwetu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 yakataza kumwuzia tumbako ya namna yoyote mtu asiyetimiza miaka 18, na ugoro umo. Lakini sheria humfikia mwenye duka. Kijana hufikiwa na wazazi na walimu wake. Basi tusemapo juu ya sigara, tuutaje na ugoro kwa jina lake. Na mzee anayeutumia asione haya kusema. Akimwambia mjukuu wake kwamba alitaka kuuacha akashindwa, kwa kuwa nikotini humfunga mtu hata pasipo moshi, neno lake litapita mafundisho mengi.

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Ugoro nao hutiwa kidogo kidogo, na kidogo kidogo hula kinywa.