Weupe Katika Mboni ya Jicho la Mtoto

   Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo. Kitaalamu huitwa retinoblastoma.

Ugonjwa huu huanzia kwenye utando ulio nyuma ya jicho, ule unaopokea mwanga. Wengi wanaoupata hawajafikisha miaka 5. Madaktari wa macho walihesabu wagonjwa waliogunduliwa nchini Kenya mwaka 2006 na 2007. Waliona kwamba huwapata karibu mtoto 1 kati ya kila watoto 17,000 wanaozaliwa. Kwa nchi nzima, hao ni watoto wapatao 80 kila mwaka.

Labda utasema, "Hao ni wachache, wangu hayumo." Lakini sikiliza. Kiwango hicho kinakaribiana na cha Ulaya na Marekani. Kwa hivyo usimlaumu mama kwa chakula alichokula akiwa mjamzito, wala usimshuku jirani kwa uchawi. Tofauti iko hapa: katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 95 kati ya 100 hupona. Kwetu Afrika wengi bado hufariki, na sababu kubwa ni kuchelewa. Wanafika hospitali uvimbe ukiwa umeshatoka nje ya jicho.

Utaujuaje mapema? Angalia dalili hizi:

Kwanza, mboni, yaani ile sehemu nyeusi ya katikati, huonekana nyeupe au humetameta kama jicho la paka usiku. Mara nyingi mama huona hivyo jioni kwenye mwanga wa taa, au kwenye picha iliyopigwa kwa flashi.

Pili, makengeza.

Tatu, jicho jekundu au lililovimba ambalo haliponi.

Mwanzoni mtoto huwa hasikii uchungu. Hucheza na kunyonya kama kawaida. Usingoje alie, na usingoje siku ya chanjo. Mpeleke kituo cha afya mara moja, umwambie mhudumu, "Nimeona weupe ndani ya mboni." Kama una picha, mwonyeshe. Omba barua ya rufaa kwa daktari wa macho. Ugonjwa huu hutibiwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali ya macho ya Kikuyu. Usitie jichoni maziwa ya mama wala dawa ya miti shamba.

Huenda daktari akashauri jicho litolewe. Hilo ni neno zito, na baba, nyanya na mama mkwe watataka kusikizwa. Njoo nao wamwulize daktari wenyewe. Lakini msikae na uamuzi huo kwa miezi. Jicho lenye uvimbe mkubwa mara nyingi halioni tena, na kulitoa mapema huokoa uhai. Mtoto hutiwa jicho bandia, akaenda shule na wenzake.

Tena, wakati mwingine ugonjwa huu hurithiwa. Ikiwa kuna aliyewahi kuugua katika familia, mwambie muuguzi kliniki, ili mtoto apimwe macho mara anapozaliwa.

Leo jioni, kabla mtoto hajalala, mtazame macho yote mawili. Ukiona weupe, kesho asubuhi shika njia.